Talkini ya Walio Mbali

Mimi ni mtu asiyeweza kukaa na habari mdomoni. Nikisikia jambo saa kumi na mbili asubuhi, ikifika saa mbili nimeshalimwaga darasani, liwe limo kwenye mtaala au halimo. Walimu wenzangu wananijua hivyo, na mke wangu ananijua hivyo zaidi. Kwa hiyo siku redio iliposema kwamba wataalamu wa nyota wamehisi dalili za gesi fulani katika hewa ya sayari iliyo mbali kupindukia, gesi ambayo hapa duniani hutolewa na vijimea vidogo vya baharini, nilimaliza chai nikiwa nimesimama, nikaenda shule mbio mbio kama mtu anayepeleka taarifa ya msiba.

Nafundisha sayansi katika shule ya msingi hapa Msambweni, upande wa juu wa barabara kuu. Asubuhi ile somo lilikuwa sumaku. Sumaku zilibaki ndani ya boksi. Niliwauliza watoto wa gredi ya sita kama wanaijua ile harufu ya pwani maji yanapotoka na mwani unabaki juani. Wakacheka, nani asiyeijua. Nikawaambia sehemu ya harufu ile ndiyo gesi yenyewe, na kwamba huenda, mbali huko ambako hakuna chombo kitakachofika, kuna bahari inayonuka kama yetu.

Kuna msichana mmoja anayekaa dawati la mbele, mtoto wa muuza mbaazi na mahamri, ambaye hakubali jambo lipite bila kulishika shati. Aliuliza kama huko kuna watu.

"Pengine vijidudu tu," nilisema. "Pengine hakuna kitu. Na pengine wapo watu, nani ajuaye."

Ningeishia kwenye vijidudu, mambo yasingefika yalikofika.

Watoto wale wale ninaowafundisha asubuhi, baba yangu aliwafundisha jioni. Chuo chake kilikuwa chumba kimoja kilichoungana na nyumba yetu, mikeka chini, madirisha mawili, na ubao wa mbao aliourithi kwa mwalimu wake. Kwa zaidi ya miaka arubaini watoto wa mtaa wetu walijifunza kusoma msahafu mbele yake. Zaidi ya chuo, alikuwa na kazi nyingine ambayo watu waliitaja kwa sauti ya chini kidogo: yeye ndiye aliyesoma talkini. Mtu akishazikwa na udongo ukishasawazishwa, baba alikaa upande wa kichwa, akamwita maiti na kumwelekeza: watakujia malaika wawili, wasikutishe, watakuuliza ni nani Mola wako, ni nani Mtume wako, ni kipi kibla chako, nawe ujibu hivi na hivi. Wapo siku hizi wanaosema jambo hilo halina asili. Baba hakubishana nao. Alisema mtu anayekwenda kwenye mtihani, kumkumbusha majibu si dhambi.

Jioni ile, baada ya Alasiri, nilikuwa upande wa pili wa ukuta nikisahihisha madaftari. Watoto walikuwa wakisoma Alhamdu kwa pamoja, wakafika hapo pa Mola wa walimwengu wote, sauti moja ikajitoa kwenye kundi. Niliitambua kabla haijamaliza neno la kwanza.

"Maalim, hao walimwengu wengine ndio wale wa kwenye sayari?"

Baba akamuuliza sayari gani. Mtoto akaeleza yote, mpaka harufu ya mwani, kwa ufasaha kuliko nilivyoeleza mimi. Halafu akauliza: "Wao wana mtume wao, maalim? Na wakisali, kibla chao kiko wapi?"

Nilisubiri baba aseme neno lake la kufungia maswali, Allahu aalam, kisha fimbo igonge ubao na kisomo kiendelee. Hakusema. Nikaiweka kalamu chini. Mwisho nikamsikia akiwaambia watoto wafunge misahafu waende nyumbani, na jua bado lilikuwa juu ya minazi. Hakuna siku niliyowahi kuona chuo kikifungwa kabla ya wakati, isipokuwa kwa mazishi.

Alitoka akasimama mlangoni kwangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama.

"Umewaambia nini watoto wangu?"

Nilimweleza. Nilijitetea pia, sitaficha. Nilisema ni elimu tu, ni habari ya redio, dunia nzima imesikia. Alisikiliza mkono ukiwa kwenye fremu ya mlango, akaondoka zake. Usiku ule chakula chake kilirudi jikoni vile vile kilivyotoka.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu haikutulia. Baba alikuwa mgonjwa wa moyo, na daktari wa hospitali kubwa alishamwambia alale kila adhuhuri. Aliacha kulala. Nilirudi kutoka shule nikamkuta amezungukwa na vitabu vyake vya zamani, vile vya karatasi za rangi ya chai, akivifunua na kuvifunga kama mtu aliyepoteza hati ya shamba. Hakuniuliza kama ni kweli au si kweli. Aliuliza mambo mengine, moja moja, kila siku lake, na kila swali lilinikuta mahali pabaya: nikipiga mswaki, nikivaa, nikiwa na tonge mkononi.

"Ni mbali kiasi gani?"

Nikamwambia mwanga wenyewe unasafiri zaidi ya miaka mia kabla ya kutufikia kutoka huko.

"Basi aliyewasha taa huko, sisi tunaiona akiwa ameshakufa."

"Pengine, baba."

Siku ya pili akauliza: "Wanakufa?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini mimi ni mwalimu wa sayansi, na ugonjwa wa mwalimu ni kutoweza kuliacha swali bila jibu. Nikasema kila chenye uhai hufa, popote kilipo. Baba akatikisa kichwa polepole, akarudi kwenye mkeka wake, na siku ile hakutoka tena mpaka Magharibi.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu tayari. Niliona nimemvunjia baba imani yake, mzee wa miaka sabini na tisa, kwa harufu ya mwani. Nililala nikigeuka, nikaamka nikiwa na hasira, na hasira yenyewe haikujua imwangukie nani. Shuleni nilimsimulia mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, dada mmoja kutoka bara, mlokole, mtu wa roho safi. Aliendelea kupaka bango rangi kwa ajili ya maonyesho huku ananisikiliza.

"Mwalimu, wewe unajipa stresi ya bure," alisema. "Kanisani kwetu pasta alishamaliza hiyo maneno. Ni mapepo tu. Ikisemwa kuna kitu huko juu, ni pepo inajifanya. Mwambie mzee hivyo, atalala."

"Na kama si mapepo?"

Akaacha kupaka. "Hapo sasa utaniuliza kama Yesu alienda kufa huko pia. Usiniulize, tafadhali. Niko na marking."

Msikitini jibu lilikuwa la aina hiyo hiyo ila limevaa kanzu. Mzee mmoja wa kamati, ambaye baba ndiye aliyemfundisha kusoma utotoni, alisema hao ni majini, na majini hapa kwetu si habari. Nani hajui nyumba ambamo sufuria huhama zenyewe. Nilimpelekea baba jibu hilo kama dawa. Alinitazama kwa huruma.

"Majini tumepewa habari zao," alisema. "Tumeambiwa wapo, wanajuana na Mola wao, waumini wao wapo na wabaya wao wapo. Hawa wako hatukupewa habari zao. Na mtu ambaye hukupewa habari zake ndiye wa kuhofiwa."

"Unawahofu?"

"Nawahofia yatakayowafika," alisema. "Si mamoja."

Sikusimama kulifikiria hilo. Nilichosikia ni kwamba bado anazama, na nikataka kumtoa. Kwa bahati wiki ile redio ilisema wataalamu wengine wamepinga, kwamba huenda gesi haipo kabisa, huenda ni makosa ya kipimo. Nilimkimbilia. Nilimwambia baba, habari yenyewe imepungua, bado si hakika, tuiache.

Hapo ndipo alipokasirika. "Usinifanye mnunuzi wa samaki," alisema. "Asubuhi uliniuzia kuwa amevuliwa leo, sasa unaniambia ulikuwa hukumnusa. Wawepo wasiwepo, mimi nimeshawafikiria. Siwezi kuacha kumfikiria mtu kwa sababu wazungu wamepima vibaya."

Halafu ikaja hitima ya jirani yetu, marehemu mama mmoja aliyekuwa akilima mwani. Tulijaa barazani na uani, pilau lishaiva, baba ameinua mikono kufunga kisomo kwa dua. Aliwaombea wafu wetu, wagonjwa wetu, walio safarini, walio baharini. Sisi nyuma yake amin, amin, kwa ule mwendo unaojiendesha wenyewe. Kisha, bila kubadili sauti, akasema: "Na waja wako walio mbali, ambao hatuwajui na hawatujui, wenye kufa kama tufavyo, Mola usiwaache waende bila wa kuwaelekeza."

Amin ilikwama. Ilitoka upande mmoja wa ua, ikakosekana upande wa pili, ikaja ya kuchelewa, na mtoto mmoja akacheka. Nilisema yangu kwa nguvu, kwa aibu. Baba alimaliza, akajipangusa uso, akaomba maji. Pilau lilipopakuliwa watu walikula wakizungumza mambo mengine kwa bidii isiyo ya kawaida.

Mzee wa kamati alinishika mkono njiani. "Babako ameanza kuchoka," alisema kwa upole. "Si ajabu, umri. Ila mambo ya kaburini ni mazito, hayataki mtu wa kuchanganya. Tumpumzishe."

Waliposema wampumzishe walimaanisha walichofanya siku tisa baadaye. Alifariki mzee mmoja wa njia ya kwenda Shimoni, rafiki wa baba tangu ujana. Baba alivaa kanzu, akachukua daftari lake la talkini, lile la jalada gumu ambalo ndani yake alikuwa ameandika kwa mkono, Kiarabu na chini yake Kiswahili kwa herufi zile zile. Tulifika mapema. Udongo uliposawazishwa baba akasogea upande wa kichwa kama kawaida yake, na akakuta mzee wa kamati ameshakaa. Baba akarudi nyuma, akasimama pamoja nasi, daftari kifuani. Niliona vidole vyake vikitafuta mahali pa kulishika.

Hilo nililifanya mimi. Hata sasa nikilisimulia nasimama, siwezi kulisimulia nikiwa nimekaa. Kazi ambayo baba aliifanya kwa heshima maisha yake yote alinyang'anywa mbele ya kaburi la rafiki yake, kwa sababu mwanawe hawezi kufunga mdomo.

Njiani kurudi nilimwomba radhi. Akauliza kwa lipi. Nikasema kwa kumtia mashaka. Akasimama katikati ya njia ya mchanga, akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mashaka ya nini? Unadhani nimemshuku Mola?" Akaanza kutembea tena, pumzi ikimpiga. "Aliyeumba hapa anashindwa kuumba kule? Hilo halikuninyima usingizi hata dakika moja. Mimi nafikiria mazishi yao."

Nikadhani kweli amechanganyikiwa.

"Nimewasomea talkini watu wa vijiji kumi," alisema. "Wazee, watoto, wa ajali, hata maiti waliotupwa na bahari ambao hatukuwajua. Yule usiyemjua mama yake unamwitaje? Nilikufundisha."

"Mwana wa Hawa."

"Kwa sababu sote ni wa Hawa. Mtu akikosa jina la mama hakosi Hawa. Sasa nambie, yule wa kule si mwana wa Hawa. Hakutoka kwa Adamu. Mimi nikikaa kichwani kwake, nimwiteje ageuke anisikie?"

Kwa mara ya kwanza tangu niwe mwalimu sikutafuta jibu.

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimzungusha kwenye vitabu. Hakuwa akizama, alikuwa kazini. Nilifarijika, halafu nikaudhika, maana kumbe nilikuwa nimehangaikia shimo ambalo halikuwapo, na lile lililokuwapo sikuliona. Heshima yake ilikuwa imeondoka kweli, na dua ile moja tu ndiyo iliyoiondoa.

Moyo wake ulizidi kuvimba. Mwezi uliofuata tulikuwa hospitalini karibu kila wiki, kwenye lile benchi refu nje ya kliniki, yeye akiwa na faili mapajani na miguu imefura ndani ya viatu vya wazi. Siku moja, bila utangulizi, akasema: "Nikifa utanisomea wewe."

Nikamwambia aache maneno hayo.

"Utanisomea wewe," alirudia. "Usimwachie mtu mwingine. Aliyekaa mahali pangu sitaki akae kichwani kwangu."

"Baba, mimi si mtu wa mambo hayo. Sijui hata kama ninaamini kwamba maiti anasikia."

"Sikukuuliza unaamini nini. Nakuuliza kama unaweza kusoma."

Nikasema naweza. Muuguzi akaita namba iliyotutangulia. Watu wakasogea, nasi tukasogea.

"Jina la mama yangu unalijua?"

"Nalijua, baba," nilijibu, huku nikisimama, maana niliona mtu anataka kupita mbele yetu. Nilijibu kama mtu anayeulizwa jina la barabara ya kwao. Bibi yetu, mama yake baba, alikufa nikiwa mdogo sana. Nilikumbuka mikono yake na kanga yake ya kisutu yenye harufu ya karafuu. Nani asiyemjua bibi yake.

Siku chache baadaye, asubuhi, natafuta funguo za pikipiki na nimeshachelewa, baba aliniita kutoka chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, kitabu kimoja cha zamani kimefunguliwa juu ya mto, na daftari lake gotini. Uso wake ulikuwa mwepesi. Sikuwa nimeuona mwepesi hivyo tangu siku chuo kilipofungwa mapema.

"Nimepata," alisema.

"Umepata nini, baba?"

"Njoo ukae nikuonyeshe."

"Jioni," nikasema. "Nikirudi utanionyesha jioni."

Jioni nilimkuta amelazwa hospitalini, na kipumulio puani. Aliishi siku nne zaidi, na katika hizo hakuzungumza lolote la maana ila kuuliza kama watoto wa chuo wanasoma. Nilimwambia wanasoma. Hawakuwa wakisoma, chuo kilikuwa kimefungwa na ufunguo nilikuwa nao mfukoni. Alifariki asubuhi, na kabla ya Alasiri tulikuwa makaburini.

Walikuja wengi. Karibu kila mwanamume aliyekuwapo alijifunza alifu-be-te kwake, na wale ambao hitimani hawakusema amin ndio waliogombania kubeba jeneza. Mzee wa kamati alilia waziwazi. Udongo uliposawazishwa alikuja karibu yangu, macho mekundu.

"Niachie nimsomee mwalimu wangu," alisema. "Wewe umechoka."

"Aliniambia nisome mimi."

Alinitazama, akaona sitabanduka, akarudi hatua moja. Nikakaa chini upande wa kichwa, nimeuelekea uso wa baba, kibla nyuma yangu. Magoti yalizama kwenye udongo mbichi. Nikafungua daftari. Mwandiko wa baba ulikuwa wazi na mkubwa, wa mtu aliyezoea kuandikia watoto. Mstari wa kwanza ulikuwa wa kumwita: ewe fulani, mwana wa fulani. Hapo panatiwa jina la marehemu, kisha jina la mama yake.

Nilitaja jina la baba. Nikafungua mdomo nitaje la mama yake, na hakikuja kitu.

Kilichokuja ni Bibi wa Majoreni. Ndivyo tulivyomwita sote, kwa jina la kijiji alikotoka kuja kuolewa. Watu wa rika lake walimwita mama fulani, kwa jina la shangazi yangu, mtoto wake wa kwanza. Nilitafuta nyuma ya hayo mawili nikakuta hakuna chochote. Sikuwa nimewahi kulijua. Miaka arubaini na sita nimeishi nyumba moja na mwanawe, najua mwanga unachukua muda gani kufika kutoka kwenye nyota ambayo macho hayaioni, na jina la bibi yangu silijui. Na nilimwambia baba nalijua, kwa sababu ya foleni.

Shangazi alikuwa nyumbani pamoja na wanawake. Nikasikia viatu vikisogea nyuma yangu, na sauti ya mzee wa kamati ikaniinamia sikioni: "Jina la mama?" Hata yeye alikuwa halijui. Angelijua angelitaja.

Nikashusha macho kwenye daftari, kwenye yale maneno ya chini, ya maiti asiyejulikana mama yake. Nilikuwa tayari kumwita baba mwana wa Hawa, kama wale waliotupwa na bahari. Lakini maneno hayo yalikuwa yamekatwa. Mstari wa penseli, ulionyooka, umepita juu ya Hawa, na juu yake baba alikuwa ameandika, kwa mwandiko usio thabiti kama wa zamani: mja wa Mungu, mwana wa mjakazi wa Mungu.

Hakuwa ameyatunga. Baadaye niliyakuta katika kile kitabu cha zamani alichokuwa amekifungua juu ya mto, ukurasa umewekewa kipande cha ukindu. Masheikh wengine walikuwa wakiyatumia siku zote. Yeye alikuwa amefundishwa yale ya Hawa na hakuwahi kuyahitaji haya, mpaka alipotafuta namna ya kumwita kiumbe ambaye si wa Adamu, aliyezaliwa na mama ambaye hatutajua kamwe kama ana mikono. Hiyo ndiyo aliyotaka kunionyesha asubuhi ile ya funguo. Hayo maneno hayamwachi mtu nje, awe ametokea wapi.

Nikasoma. Ewe mja wa Mungu, mwana wa mjakazi wa Mungu. Nilimwelekeza baba yangu kama alivyowaelekeza wengine: wasikutishe, ni viumbe kama wewe. Nilipofika pa kibla nilimkumbuka yule msichana wa dawati la mbele. Kisha nikamaliza. Amin iliyoitikiwa nyuma yangu ilikuwa ya pamoja, haikuacha mtu.

Je, alisikia? Sijui. Nilimwambia hospitalini kuwa sijui, na hata sasa sijui, na kutojua huko hakujaniacha nilale vizuri. Ila nilisoma neno kwa neno kama ninayetaka asikie, na hilo sikulitarajia kwangu.

Nyumbani nilimkuta shangazi kwenye mkeka, kati ya wanawake, kitambaa mkononi. Nilipiga magoti nikamwamkia. Alinishika kichwa, akaitika, halafu akauliza lile ambalo nilijua ataliuliza, maana wanawake hawaendi makaburini, huuliza.

"Ulimsomea wewe?"

"Mimi, shangazi."

"Ulimwita kwa jina la mama?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilishawahi kusema ndiyo hiyo hiyo, nikiwa nimesimama, nikitazama foleni.

"Sikulijua, shangazi. Nilimwita mja wa Mungu, mwana wa mjakazi wa Mungu."

"Basi ulimwita ndugu yangu kama mtu wa mbali," alisema, "mtu asiyejulikana kwao."

"Ndiyo, shangazi."

Machozi yalimtoka, naye hakuyapangusa. Kisha akanivuta karibu na kulitaja jina la mama yake, polepole, sikioni mwangu. Akaniambia nilirudie. Nikalirudia. Akasema tena, nikasema tena, na mara ya tatu, kama baba alivyowafanyia watoto chuoni, hakuniachia mkono mpaka nilipolitamka sawasawa.